Mzigo Usiojilipia Nauli

Kompyuta ya mezani iliyokufa ina uzito wa takriban kilo kumi bila monita yake. Ikifunguliwa inatoa sanduku la chuma, nyaya za shaba, vipande vya alumini, bodi za saketi na plastiki. Katika mji wa Mutomo, kusini mwa Kaunti ya Kitui, chuma na shaba hupata mnunuzi bila taabu. Bodi zina mnunuzi aliye mbali. Plastiki iliyochanganywa na kemikali za kuzuia moto haina mnunuzi. Monita ya zamani yenye kisogo hakuna anayeitaka ila kwa ajili ya koili ya shaba iliyozunguka shingo yake, ilhali kioo chake kimebeba madini ya risasi yanayoweza kufika kilo moja au zaidi. Vituo vikuu vya kufungua vifaa hivi kwa utaratibu unaokubalika viko Nairobi na viungani mwake, zaidi ya kilomita 200 kutoka Mutomo. Swali la kwanza, kwa hiyo, ni la hesabu: kati ya vitu hivyo, ni vipi vinavyoweza kujilipia nauli ya safari hiyo, na visivyoweza vinaishia wapi?

Tarakimu za taifa zinatoa kipimo, ingawa ni za kusomwa kwa tahadhari. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, iliyotolewa mwaka 2010 ilikadiria kwamba Kenya ilikuwa ikizalisha kwa mwaka tani 11,400 za friji chakavu, tani 2,800 za runinga, tani 2,500 za kompyuta, tani 500 za printa na tani 150 za simu za mkononi. Jumla haifiki tani 17,500. Ripoti ya kimataifa ya taka za kielektroniki ya mwaka 2020 iliiweka Kenya kwenye tani 51,000 hivi kwa mwaka 2019. Haifai kuzilinganisha moja kwa moja na kutangaza kwamba taka zimeongezeka mara tatu, kwa sababu ripoti ya kwanza ilihesabu aina tano za vifaa na ya pili ilijumuisha karibu kila kitu chenye plagi au betri. Kilicho wazi ni upande wa pili wa mizania. Katika ripoti hiyo ya 2020, taka za kielektroniki zilizokusanywa rasmi barani Afrika hazikufika asilimia 1. Toleo la mwaka 2024, lililokuta dunia imezalisha tani milioni 62 mwaka 2022 na kuthibitisha ukusanyaji wa asilimia 22.3 pekee, halikuikuta Afrika imevuka asilimia hiyo moja.

Tuishushe hesabu hadi Ukambani, eneo la Kitui na jirani yake Makueni. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Wastani wa taifa ni kilo moja hivi kwa mtu kwa mwaka. Wastani huo unabebwa na miji mikubwa, kwa hiyo tuukate hadi robo kilo. Zinabaki tani 500 na zaidi kwa kaunti hizo mbili kila mwaka, yaani malori hamsini ya tani kumi. Hilo ni kisio la mezani, wala lisichukuliwe kuwa kipimo. Lakini hata likipunguzwa kwa nusu tena, mkondo rasmi unaokusanya chini ya asilimia 1 hauwezi kuwa unalibeba. Sehemu kubwa ya shehena hiyo ama ingali imekaa mahali, ama imekwisha kugeuzwa kuwa kitu kingine.

Maeneo ya kazi yanastahili kuangaliwa peke yake. Nyumbani kifaa huharibika kimoja kimoja, na kila familia huamua kwa wakati wake. Ofisini vifaa hununuliwa kwa wingi, huandikwa kwenye rejista, hupewa namba na huzeeka pamoja. Saini moja inaweza kutoa kompyuta hamsini kwa siku. Kwa mantiki, taka za ofisi ndizo zingekuwa rahisi kuliko zote kuzisimamia, maana zinajulikana zilipo, idadi yake na mwenye dhamana. Kwamba nazo zinapotea ni dalili kwamba tatizo halitokani na ujinga wa mwananchi, kama inavyosemwa mara kwa mara kwenye warsha. Linatokana na utaratibu wenyewe.

Mutomo si mji wa viwanda. Ni makao ya kaunti ndogo, soko, hospitali ya misheni inayotegemewa na eneo lote la kusini mwa Kitui, shule, ofisi za machifu, vibanda vya M-Pesa na maduka ya kupiga chapa. Vifaa viliingia hapa kwa mawimbi. Ugatuzi ulioanza mwaka 2013 ulileta ofisi mpya na kompyuta zake. Kuanzia mwaka 2016 serikali ya kitaifa ilisambaza vifaa zaidi ya milioni moja kwa shule za msingi za umma zaidi ya 20,000 kote nchini, kila shule ikipokea vishikwambi vya wanafunzi, laptopu za walimu, projekta na seva yake. Wimbi la tatu ni la kuondoka, na lilianzia mbali na Ukambani. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia bure programu endeshi ya Windows 10. Toleo linaloifuata linakataa rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018, hata zikiwa nzima. Kwa ofisi inayolazimika kuingia kwenye mifumo ya serikali mtandaoni, mashine isiyopata masasisho ya usalama imeanza safari ya kwenda stoo.

Stoo ndiyo kiungo ambacho takwimu hazikioni. Kwa kawaida ni chumba cha mabati nyuma ya jengo, chenye kufuli na madirisha yaliyozibwa, na ufunguo ni wa mtu mmoja. Ndani utakuta CPU zilizopangwa juu ya viti vilivyovunjika, printa zilizomwaga unga wa tona, mirija ya taa iliyoegemezwa ukutani, vifaa vya UPS vinavyoshikilia umeme ukikatika na nyaya zilizofungwa mafundo. Kila kimoja kina namba ya mali iliyopakwa kwa rangi. Nje joto la mchana hupita nyuzi 30. Chini ya mabati ni zaidi.

Kukaa humo kunaua. Betri ya risasi na asidi iliyomo ndani ya UPS ikiachwa bila chaji, sahani zake hujigandisha sulfati, na baada ya miezi michache haipokei tena umeme. Betri ya lithiamu ya kishikwambi hujimaliza polepole yenyewe. Ikishuka chini ya kiwango fulani, saketi yake ya ulinzi huizuia isichajiwe tena. Joto huharakisha yote mawili na huzalisha gesi inayoivimbisha betri hadi kioo kifunguke. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na madarasa yote yakarejea Januari 2021. Kishikwambi kilichofungiwa kabatini miezi hiyo yote kilikuwa na nafasi kubwa ya kutoka kikiwa taka bila kuguswa na mtoto. Aliyekilinda kwa uaminifu ndiye aliyekimaliza.

Kwa nini basi hakiondolewi mapema? Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoshaji wa Mali ya mwaka 2015 inataka kila taasisi ya umma iwe na mpango wa kila mwaka wa kuondosha mali na kamati ya kuusimamia. Msimamizi wa vifaa anaripoti kwamba kitu hakifai, kamati inakagua na kupendekeza, na afisa mhasibu anaidhinisha. Njia zilizotajwa ni kuhamishia taasisi nyingine ya umma, kuuza kwa zabuni, kuuza kwa mnada, kubadilishana na kifaa kipya, au kushughulikia kama taka. Lengo la sheria lilikuwa kuzuia wizi, na kwa hilo ina mantiki kamili, kwa kuwa mali ya umma ikitoka bila karatasi huishia mikononi mwa wakubwa. Lakini sheria iliyoandikwa kumzuia mwizi inaona hatari moja tu, kitu chenye thamani kutoka kwa bei ya bure. Hatari ya kitu chenye sumu kubaki mpaka thamani yake iishe haina mlinzi ndani yake.

Fikiria nafasi ya ofisa mwenyewe. Asiyeondosha chochote ana stoo iliyojaa na rejista iliyokamilika. Mkaguzi akija, namba zote zipo. Anayeondosha anajitwika maswali. Nani alikadiria bei? Tangazo lilitolewa wapi? Kwa nini mshindi ni huyu? Na anayetumia fedha za umma kumlipa mtu achukue kompyuta mbovu anajitwika swali gumu kuliko yote, yaani kwa nini alilipia kile ambacho angeweza kukiuza. Tahadhari ya kila mmoja ni ya busara kwake, na jumla ya busara hizo ni miaka ya kungoja. Kompyuta ambayo ingehamishiwa shule ya jirani ikiwa na umri wa miaka minne inatoka ikiwa na kumi, nayo haina kazi tena popote.

Ikitoka, mara nyingi hutoka kwa mnada, na hapa ndipo mitambo ya uharibifu inapoonekana waziwazi. Mnada ni chombo kizuri kwa kitu chenye thamani halisi, ng'ombe au gari. Kwa mzigo uliochanganya shaba na sumu unafanya kazi kinyume. Chukua wanunuzi wawili. Mmoja anakusudia kuufikisha mzigo wote kwenye kituo chenye leseni na kugharamia kioo cha monita na mirija ya taa yenye zebaki. Gharama hiyo analazimika kuitoa kwenye bei anayotaja. Wa pili anakusudia kutoa chuma na shaba na kuacha mengine korongoni. Hana gharama hiyo. Bila kudanganya na bila kuvunja kanuni yoyote ya mnada, wa pili atataja bei ya juu kila mara. Kadiri mnada unavyokuwa wa haki na uwazi, ndivyo unavyomchagua kwa uhakika zaidi anayejali usalama kidogo zaidi. Njia ya tano ya sheria, kushughulikia kama taka, ipo kwenye karatasi. Inahitaji kasma ya matumizi, ilhali mnada huleta risiti ya mapato. Kati ya hizo mbili si vigumu kujua kamati itapendekeza ipi.

Kutoka hapo mzigo unaingia katika biashara ya vyuma vikuukuu. Biashara hii inadharauliwa bila haki. Ndiyo inayorudisha chuma viwandani Athi River, na watu wake hufanya kazi kubwa kwa faida ndogo. Barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui ilipowekwa lami katika miaka ya karibuni, nauli ya lori ilishuka na chuma ambacho zamani hakikulipa safari kikaanza kulipa. Ni maendeleo, lakini yalishusha pia kizingiti cha kupasua vifaa. Kinachopanda lori ni kile tu kilichokwisha kutenganishwa, kwa sababu hakuna anayelipia nafasi ya plastiki na kioo hadi Kibwezi, sembuse Nairobi. Ufunguaji unafanyika huku, kando ya mji, na mabaki yanabaki huku.

Monita hulazwa kifudifudi. Ganda la plastiki hung'olewa kwa bisibisi, na likikataa, kwa nyundo. Shingo ya kioo hupigwa na kukatika. Ndani palikuwa ombwe, hivyo hewa huingia kwa mlio mfupi wa kufyonza. Koili huvutwa ikatoka, shaba isiyofika kilo moja. Kilichobaki ni ndoo ya kioo iliyopasuka, na kwa ndani imepakwa unga wa kung'aza picha, ambao katika monita za zamani huweza kuwa na kadimiamu. Zamani kioo hicho kilikuwa na soko, kwani kiliyeyushwa kutengenezea monita nyingine. Viwanda vilipohamia kwenye skrini bapa, soko lilikufa. Hata nchi tajiri zilibaki na malundo ya kioo chenye risasi yasiyo na pa kwenda. Mutomo haina sababu ya kufanikiwa pale zilipokwama.

Nyaya hufuata. Kuchuna ngozi ya waya mwembamba wa kompyuta kwa kisu kunachukua muda mrefu kuliko thamani ya shaba yake, kwa hiyo huchomwa. Ngozi hiyo ni PVC, plastiki yenye klorini. Ikiungua kwa moto dhaifu wa kuni, klorini hukutana na kaboni, na shaba ileile inayotafutwa huchochea mmenyuko. Matokeo ni dioksini, kundi la sumu ambazo hazioniki, hazinusiki kwa kiasi kinachodhuru, na hukaa katika mafuta ya mwili kwa miaka. Moshi mweusi unaowasha macho si sehemu iliyo mbaya zaidi. Iliyo mbaya zaidi hutua pamoja na majivu.

Kuku wa kienyeji huparura majivu. Mwaka 2019 mashirika ya IPEN na Basel Action Network yalichapisha vipimo vya mayai ya kuku waliokuwa wakizurura Agbogbloshie, jijini Accra, palipokuwa na mojawapo ya majaa makubwa ya vifaa chakavu Afrika. Mtu mzima ambaye angekula yai moja tu la pale angepata dioksini takriban mara 220 ya kiwango cha siku kilichowekwa na mamlaka ya chakula ya Ulaya. Mutomo si Agbogbloshie, na moto wa kilo tano za waya si moto wa maelfu ya tani. Njia ya sumu, hata hivyo, ni ileile: majivu, udongo, kuku, yai, mtoto. Tofauti ni ya wingi, na wingi unategemea ni stoo ngapi zitafunguliwa na katika muda gani.

Risasi ina tabia yake. Haiyeyuki majini kwa urahisi. Hushikamana na chembe ndogo za udongo na kusafiri nazo. Hapa inafaa kuwa mwangalifu kuhusu maji, kwa sababu Ukambani hofu ya kwanza huwa ni ya maji. Mvua za Oktoba hadi Desemba hushuka kwa kasi kwenye ardhi tupu na kusomba kila kitu hadi mito ya mchanga, ambako watu huchimba visima vya kiangazi na ambako mabwawa ya mchanga yamejengwa. Chembe nzito hutuama, chembe nyembamba za tope nyingi hupita na mafuriko. Kwa hiyo si lazima kisima kiwe ndicho njia kuu. Njia iliyo karibu zaidi ni vumbi la uwanja, mikono ya mtoto anayetambaa, na nguo za kazi za mzazi anayerudi nyumbani.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba watoto wadogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya watu wazima kutokana na kiasi kilekile walichomeza. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au aliyekosa chakula hufyonza zaidi, kwa kuwa utumbo unaotafuta chuma na kalsiamu huipokea risasi badala yake. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mashariki mwa Kenya palipita misimu mitano mfululizo ya mvua haba. Kizazi kilichokuwa tumboni au mgongoni mwa mama katika misimu hiyo ndicho kilicho shuleni sasa. Dalili za risasi kwa kiwango cha chini ni uchovu, upungufu wa damu, umakini hafifu na kubaki nyuma darasani. Hakuna hata moja ambayo mwalimu au muuguzi wa eneo kame hawezi kuieleza kwa njaa. Madhara yanaweza kukamilika bila mtu yeyote kuyashuku.

Betri zinahitaji maelezo tofauti, kwa sababu zenyewe hujilipia nauli. Betri ndogo ya UPS ina kilo mbili na zaidi, kubwa ya sola ina makumi ya kilo, na sehemu kubwa ya uzito huo ni risasi yenye mnunuzi wa uhakika. Hivyo hazibaki Mutomo. Asidi humwagwa ili kupunguza uzito, na mwili husafiri. Mahali zinapofika pamewahi kuonekana. Owino Uhuru ni kijiji cha watu 3,000 hivi mjini Mombasa. Kuanzia mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi ubavuni mwake hadi kilipofungwa mwaka 2014, baada ya kampeni iliyoongozwa na Phyllis Omido, mfanyakazi wa zamani wa kiwanda hicho, ambaye mtoto wake alikutwa na risasi mwilini. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Miaka kumi ilipita tangu moto uzimwe hadi hukumu ya mwisho. Anayeuza betri mia za ofisi kwa mnunuzi asiyemjua ameungana na mnyororo huo, hata kama hatasikia jina la kijiji kitakachozipokea.

Taifa halikukosa maandishi. NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ilitoa mwongozo wa taka za kielektroniki mwaka 2010. Rasimu ya kanuni ikaandaliwa mwaka 2013 na kukaa bila kuwa sheria. Mkakati wa kitaifa wa miaka mitano ukafuata mwaka 2019. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ikapitishwa mwaka 2022, na mwaka 2024 zikatangazwa kanuni za wajibu wa mzalishaji, zinazomtaka anayeingiza kifaa sokoni agharamie mwisho wake. Kati ya mwongozo wa kwanza na kanuni zenye nguvu ya sheria ilipita miaka 14. Katika muda huo vishikwambi vilinunuliwa, vikasambazwa na kuzeeka.

Kanuni hizo mpya zina kasoro ya kimaumbile kwa mahali kama Mutomo. Zinakusanya fedha kwa kile kinachoingia leo. Kilicho stoo kiliingia jana, mara nyingi kwa mtumba au kwa msaada wa wafadhili, na aliyekiingiza hapatikani tena. Tena mzalishaji anayepimwa kwa tani alizokusanya atazitafuta pale tani zilipo karibu na rahisi, yaani Nairobi. Bila sharti la kufikia kaunti za mbali, kanuni inaweza kutimizwa kikamilifu bila lori moja kupita Ikutha kuja Mutomo. Tozo ya mazingira iliyopendekezwa kwenye Mswada wa Fedha wa 2024 ilianguka pamoja na mswada wote mwezi Juni, baada ya maandamano. Hasira ya wananchi ilikuwa na sababu zake nzito. Hata hivyo, sehemu ile ya swali, nani alipe nauli ya kioo, ilirudi mezani bila jibu.

Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya 2015 nayo inatazama upande mmoja. Iliandikwa kukabili wizi wa nyaya na transfoma, na ndiyo maana Januari 2022, baada ya milingoti ya umeme kuanguka na nchi kuingia gizani, biashara yote ilisimamishwa hadi Mei. Inamuuliza mnunuzi chuma hiki kimetoka wapi. Haimuulizi kilichokuwa kimeshikamana na chuma hicho kimeachwa wapi.

Wapo wanaofanya kazi hii inavyostahili. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanza mwaka 2002 kwa kutengeneza kompyuta zilizotumika na kuzipeleka shuleni, ndilo lililozaa kituo cha WEEE Centre Nairobi, ambako vifaa hufunguliwa kwa mkono na kupangwa kwa aina. Lakini nao wana ukomo. Afrika Mashariki haina mtambo wa kuyeyusha bodi za saketi na kutoa dhahabu, fedha na paladi bila kumwaga sumu. Mitambo hiyo ni michache duniani, mmojawapo ukiwa wa kampuni ya Umicore huko Hoboken, Ubelgiji. Tangu Januari 1, 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel yanataka kila shehena ya taka za kielektroniki ipate kibali cha nchi inayotoka, inayopita na inayopokea kabla ya kuondoka. Marekebisho hayo ni kinga muhimu dhidi ya nchi tajiri kuitupia Afrika uchafu wake. Yanamwongezea pia mchakataji wa Nairobi miezi ya kungoja na gharama ya kuhifadhi, na gharama hiyo hushuka hadi kwenye bei anayoweza kumpa mwenye mzigo wa Mutomo.

Sababu nyingine ya vifaa kukwama ni siri zilizomo ndani, na hofu hiyo haipuuziki. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walinunua diski zilizotumika nchini Ghana na kukuta katika mojawapo nyaraka za mikataba ya kampuni ya ulinzi ya Northrop Grumman ya Marekani na serikali yake. Hospitali ina rekodi za wagonjwa, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamfuata mwenye dhamana ya data hata baada ya kompyuta kuuzwa. Jibu la kawaida ni kufunga mlango. Jibu linalofanya kazi ni dogo zaidi: diski itolewe siku kifaa kinapotoka mezani, iandikwe namba, ifutwe kwa programu au itobolewe kwa drili mbele ya mashahidi wawili, na mwili uliobaki uachiliwe uende. Kinachohitaji kufuli ni kipande cha gramu mia chache.

Mambo yanayoweza kubadilisha hesabu ni machache. La kwanza ni muda. Kifaa kinachohamishiwa shule au zahanati kikiwa na miaka minne hakihitaji nauli ya mchakataji kwa miaka mingine kadhaa. La pili ni kuunganisha mizigo. Ofisi moja haijazi lori, lakini kaunti ndogo nzima hulijaza, na malori yaletayo saruji na bidhaa za dukani kutoka barabara ya Mombasa hayarudi na shehena kamili ila katika msimu wa ndengu. Nafasi hiyo tupu ndiyo nauli ya bei nafuu kuliko zote kati ya Mutomo na Kibwezi. La tatu ni kutenga kioo, mirija na betri na mnada kabla mnada haujatangazwa, ili chuma kiuzwe kama chuma na sumu isitumike kama kiungo cha kupandisha bei. Katiba ya 2010 imeipa kaunti kazi ya taka ngumu, kwa hiyo Kitui na Makueni hazihitaji ruhusa ya Nairobi kutenga chumba kimoja penye barabara ya lami chenye sakafu ya saruji, mizani na daftari.

Mpango wa kuondosha mali wa mwaka wa fedha unaoanza Julai 1 huandaliwa kabla ya siku hiyo. Hapo ndipo kamati inaweza kuandika, kando ya mapato yanayotarajiwa, gharama ya kusafirisha kioo na mirija, na kutaka mchakataji arudishe hati inayotaja kilo za kila aina na kila aina ilikokwenda: kioo, betri, bodi, plastiki. Kasma hiyo ikikosekana, mzigo utauzwa kwa anayetaja bei ya juu. Vishikwambi vya 2016 vimepita umri ambao betri zake zilitengenezwa kuumudu, na kompyuta za Windows 10 zimeanza kuletwa stoo, humohumo zilimokuwa monita.